Chokaa ya Njia Panda ya Mizinga

Mayala aliletwa kutoka mahabusu bila viatu, akaketi kwenye benchi kabla hajaambiwa. Mdomo wake ulikuwa umepasuka pembeni, pale watu wa Ipole walipompiga kabla polisi hawajafika kumtoa mikononi mwao. Inspekta Elieth Ngassa alimsogezea kikombe cha chai, akangoja anywe kidogo.

"Simu ya Hamoudi uliipata wapi?"

"Nimeshasema, mayu." Alimwita mama kwa lugha ya kwao, na Elieth, mzaliwa wa Nzega, hakumsahihisha.

"Ulimwambia koplo. Sasa niambie mimi."

"Njia panda ya Mkola. Nilikuwa natoka kuangalia nyuki wangu. Nikaiona kwenye matope, kioo kimepasuka, nikaitia mfukoni."

"Ukaizima."

"Ilikuwa imezimika yenyewe. Simu ya namna ile hata kuiwasha siwezi."

"Mwenyewe hukumwona?"

"Sikumwona. Niliona alama za gari na ile chokaa."

"Nyoosha mikono."

Akainyoosha. Elieth aliigeuza viganja juu, akaikagua chini ya dirisha. Kulikuwa na nta kwenye kucha, na makovu ya zamani ya kuumwa na nyuki. Hapakuwa na ngozi iliyobabuka. Mtu aliyepekua gari lililojaa mifuko ya chokaa, tena mikono ikiwa imelowa jasho, angekuwa na alama yake hadi leo. Lakini hilo lilikuwa dogo. Halikutosha kumfungulia mlango, kwa kuwa nje ya kituo kulikuwa na umati uliokwisha kumhukumu.

Hamoudi Soud, muuza vifaa vya ujenzi kutoka Tabora mjini, alikuwa ameondoka Ipole siku ya Jumanne na pikapu ya chokaa. Alikuwa anaipeleka kwenye zahanati inayojengwa Mtakuja, ng'ambo ya msitu. Daraja la barabara kuu lilikuwa limezolewa na maji, kwa hiyo akauliza watu wa sokoni, akakata kupitia njia za porini. Mtakuja hakufika, na Ipole hakurudi. Mfuko mmoja ulikuwa umetoboka nyuma ya gari, ukawa unamwaga chokaa njia nzima, mstari mweupe juu ya udongo mwekundu. Manyunyu ya jioni ile yakaulowesha mstari ukagandamana na ardhi kama rangi ya ukutani.

Mtu angesema kazi ni rahisi, fuata mstari tu. Koplo Tobias aliufuata Jumatano yote. Mara mbili alijikuta amerudi pale pale alipoanzia, kwenye njia panda ya Mkola, ambako mistari ilikwenda kila upande na hakuna aliyejua upi ulitangulia. Hamoudi alikuwa amepotea, akazunguka msituni kama mtu aliyefungwa macho.

Leo ilikuwa Alhamisi. Mbingu upande wa Sikonge zilikuwa nyeusi, na mvua ya kweli ingefuta kila kitu.

"Mrudishe," Elieth akamwambia askari wa zamu. "Na apewe dawa ya huo mdomo."

* * *

Dada yake Hamoudi alikuwa anangoja kwenye chumba cha pili. Asila alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo kimoja cha ualimu mjini, mwanamke mwembamba aliyevaa baibui lililotapakaa matope hadi magotini. Alifika alfajiri na gari la kukodi, na jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kulia. Aliomba watu wapelekwe kwenye kila njia panda ya msitu, wahesabu mistari ya chokaa inayogusa pale, kisha warudi. Elieth alikubali kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mwalimu. Wamerudi."

Asila alikuwa ameshachora sakafuni kwa kipande cha chaki. Nukta tano, na kando ya kila moja jina: Ipole, Mkola, Kisima, Jiwe Refu, Mizinga. Kati ya nukta alikuwa ameacha nafasi.

Tobias, kijana mrefu mwenye sauti ya uchovu, alisimama mlangoni akikung'uta majani kwenye kofia. "Afande, mimi bado sioni kwa nini tuhesabu. Kama mstari upo, si tuufuate mpaka mwisho?"

"Uliufuata jana," Elieth akasema. "Mwalimu, mweleze kama ulivyonieleza mimi."

Asila alichuchumaa. "Gari likipita njia panda, linaingia kwa mstari mmoja na kutoka kwa mwingine. Kila kupita ni mistari miwili. Likirudi tena pale, linaongeza miwili mingine. Iwe limepita mara ngapi, hesabu ya pale itakuwa shufwa. Miwili, minne, sita."

"Sawa."

"Isipokuwa mahali pawili. Lilipoanzia, maana liliondoka bila kuingia. Na lilipoishia, maana liliingia bila kutoka. Hapo kunabaki mstari mmoja usio na mwenzake. Hesabu inakuwa witiri." Aligusa nukta ya Ipole. "Alianzia hapa. Tukipata njia panda nyingine yenye witiri, ndiko aliko. Hatuna haja ya kujua alizunguka vipi."

Tobias alisogea karibu na zile nukta. "Hii ndiyo mnafundisha huko chuoni?"

"Inaitwa nadharia ya grafu. Nukta na mistari, basi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huniuliza itawasaidia nini. Huwa nawaambia wafikirie gari la taka linalotakiwa kupita kila mtaa bila kurudia, au fundi anayekagua nyaya za umeme." Akaishika chaki. "Nipeni hesabu."

Tobias alikuwa ameenda Mkola na Kisima kwa pikipiki. Mkola minne. Kisima miwili. Elieth mwenyewe alikuwa amehesabu Ipole, mmoja, na Jiwe Refu, miwili. Mizinga alipelekwa mwenyekiti wa kitongoji, Marko, kwa kuwa ndiko nyumbani kwake na tangu Jumatano alikuwa akiwaongoza watafutaji kwa moyo wote.

"Marko amesemaje?"

"Miwili."

Asila aliandika namba kando ya kila nukta. Moja. Nne. Mbili. Mbili. Mbili. Chaki ikasimama.

"Basi hakuna witiri zaidi ya hapa," Tobias akasema kwa upole. "Pole, Mwalimu. Haikusaidia."

"Imesaidia." Hakuinua uso. "Kila mstari una ncha mbili. Ukihesabu ncha zote za mistari yote, lazima upate shufwa, hakuna namna nyingine. Hapa nimepata kumi na moja."

"Maana yake nini?" Elieth akauliza.

"Mambo mawili. Ama gari lilisimama katikati ya njia, kati ya njia panda na njia panda, na ncha moja iko huko ambako hatujaenda. Ama kuna mtu amehesabu vibaya."

Elieth alimtazama Tobias.

"Mkola ni minne, afande. Niliweka mguu juu ya kila mmoja."

"Tutahesabu tena. Mwite Marko, aje na sisi."

* * *

Marko alipanda nyuma ya Land Cruiser, akaketi kando ya Asila, akampa pole kwa mara ya tatu siku hiyo. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti nene na buti nzuri za ngozi. Elieth alimwangalia kupitia kioo cha kutazamia nyuma. Kwenye mishono ya buti kulikuwa na unga mwekundu wa kahawia, laini kuliko udongo. Alipojisogeza, ilitoka harufu ya oili.

"Mwenyekiti, pale Mizinga ulihesabu mingapi?"

"Miwili, afande. Gari liliingia, likatoka."

"Liliingia kwa njia ipi?"

"Ya Kisima."

"Likatokea?"

"Ya Mkola. Nadhani alikuwa anatafuta kurudi, masikini."

"Njia zinazokutana pale ni ngapi?"

"Tatu." Akafikiri. "Nne, ukihesabu ile ya wapagazi wa zamani, iliyokuwa inakwenda Ufipa. Lakini hiyo imekufa. Hata baba yangu hakuipita."

Mkola, Elieth alishuka mwenyewe. Mmoja ulikuwa umetoka Ipole, mmoja ukaenda Kisima, mmoja ukaelekea Mizinga, mmoja Jiwe Refu. Minne. Mabega ya Tobias yalishuka kidogo.

"Twende Jiwe Refu," Elieth akaamuru. "Kisha tutokee Mizinga kwa njia ile. Tobias, endesha taratibu. Mstari ukikatika popote, simama."

Mstari haukukatika. Ulifika Jiwe Refu, ukapinda kwa mkato wa mtu anayesita, ukashika njia ya kwenda Mizinga. Miti ilikuwa imebanana pande zote, na nzi wa ndorobo walikuwa wanagonga vioo. Chokaa ilikwenda mbele ya gari, nyembamba, mahali pengine imefutwa na kwato za ng'ombe, kisha inaanza tena. Asila alikuwa amekamata kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Tobias alifunga breki. Walikuwa wamefika njia panda, mahali pa wazi penye mizinga ya magome iliyoning'inia matawini.

"Mwenyekiti," Elieth akasema bila kugeuka. "Mstari huu tumekuja nao kutoka Jiwe Refu. Umefika hadi hapa. Hukuuona?"

"Labda nilipitiwa, afande. Mvua ilikuwa imeanza."

"Mvua haijaanza mpaka sasa."

Alishuka. Mmoja kutoka Kisima. Mmoja kutoka Mkola. Mmoja huu. Alisimama katikati na kuzunguka polepole, kisha akamtazama Asila, ambaye alikuwa ameshahesabu akiwa ndani ya gari.

"Mitatu," Asila akasema. "Ameishia hapa."

"Hapa hakuna gari."

"Basi kuna wa nne, afande. Umeondolewa."

Elieth aliiendea ile njia ya wapagazi. Ilikuwa imezibwa na matawi ya msuku, na kwa mbali ilionekana kama pori limejifunga lenyewe. Alivuta tawi moja. Majani yalikuwa bado mabichi, na shina lilikatwa kwa panga mara moja, mkato safi. Nyuma ya matawi ardhi haikuwa na jani hata moja. Ilikuwa imefagiwa. Kila mahali pengine msituni majani makavu yalifunika njia, lakini pale palikuwa safi kama uwanja wa nyumba.

"Tobias, piga picha. Matawi kwanza, kisha ardhi." Akamgeukia Marko, ambaye alikuwa ameshuka na kusimama kando ya gurudumu. "Umesema njia hii imekufa. Nani anaifagia?"

"Sijui."

"Huo unga kwenye buti zako ni wa mti gani?"

Marko alitazama miguu yake.

"Ni mninga," Elieth akasema. "Na hiyo harufu ni oili ya msumeno wa mashine. Ungeniambia mistari mitatu, ningekuamini na tungekuja kutafuta hapa. Kwa hiyo ukasema miwili, aliingia akatoka, ili tusije kabisa. Utatangulia mbele au utafungwa pingu hapa hapa?"

Marko akatangulia.

* * *

Haikuwa mbali. Baada ya ardhi iliyofagiwa, chokaa ilianza tena, pana zaidi, kama mfuko uliokuwa umepasuka kabisa. Pikapu ilikuwa imelala ubavu ndani ya shimo la kupasulia mbao. Mtu asiyeijua njia ile hangeweza kuliona shimo kabla ya kufika ukingoni. Kando yake kulikuwa na rundo la mbao, mpya, nyekundu, limefunikwa turubai na majani.

Hamoudi alikuwa ameketi, ameegemea gurudumu la nyuma. Uso wake ulifunikwa kwa kiroba kitupu.

"Mwalimu, subiri hapo juu," Elieth akasema.

Asila hakusubiri, ila alisimama hatua chache nyuma na kuacha kazi ifanyike. Elieth alipiga magoti. Aligusa shingo, akagusa taya, akainua kiroba na kukirudisha. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa ulikuwa nje. Juu ya goti shati lilikuwa limechanwa na kukazwa kwa fundo, fundo la mtu aliyejifunga mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno. Udongo pale alipoketi ulikuwa umechimbwa na visigino. Hakufa wakati gari lilipoanguka. Alikuwa ametoka ndani, akajiburura, akafunga mguu, akakaa kungoja.

Chokaa ilikuwa kila mahali, kwenye nywele zake, kwenye mkanda, kwenye milango ya gari. Lakini kando ya mkono wake palikuwa na jagi la plastiki lenye maji nusu, na jagi lile halikuwa na hata chembe ya chokaa.

Elieth akainuka.

"Jagi hili halikuwa kwenye gari. Ni la nani?"

Marko alilitazama jagi.

"Nimeuliza."

"Ni langu."

"Ulimletea lini?"

"Jumanne jioni. Nilisikia kishindo, nikaja. Jumatano asubuhi nikarudi tena." Sauti nene ilikuwa imekwisha. "Mimi sikumgusa, afande. Nilimpa maji."

"Simu yake je?"

"Hakuwa nayo. Alisema imemdondoka Mkola aliposhuka kutazama njia."

"Kwa nini hukuita watu?"

"Wangeziona mbao, na kibali sina. Nilisema niziondoe kwanza, kisha niite watu. Vijana wangu walipomwona wakakimbia wote, nikabaki peke yangu na kazi ya kubeba. Jumatano mchana niliporudi nikamkuta amenyamaza. Nikafagia."

"Na jioni hiyo hiyo wakampiga Mayala."

"Mimi ndiye niliyewazuia wasimuue."

Tobias alimfunga pingu. Marko alitoa mikono bila kuambiwa.

Asila alishuka shimoni. Aliondoa kiroba, akatazama, kisha akavua mtandio wa juu na kuanza kumfuta kaka yake chokaa kwenye nyusi, kwa utaratibu, kama anayemfuta mtoto. Elieth alitaka kumwambia asiguse mwili. Picha zilikuwa zimeshapigwa. Akamwacha.

"Mzee Marko," Asila akasema, akiwa bado anafuta. "Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea, binti."

"Alisema nini?"

Marko alimtazama Elieth kana kwamba angeokolewa na yeye.

"Alinitajia namba ya nyumbani kwenu. Aliirudia mpaka nikaishika. Akaniomba niwapigie."

"Ukapiga?"

"Sikupiga."

"Ukamwambia nini uliporudi?"

"Nilimwambia nimepiga." Alizitazama pingu. "Nilimwambia mko njiani, mnakuja."

Mkono wa Asila ulisimama. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kuanguka kwenye majani, mazito, kila moja likisikika peke yake.

"Akasemaje?"

"Aliacha kulia. Akaniuliza mtapitia wapi na daraja halipo."

Asila aliukunja mtandio, akauweka kifuani kwa Hamoudi. Kisha akapanda juu ya shimo na kusimama kando ya Elieth. Mvua ilikuwa inashika kasi.

"Mama yuko nyumbani anangoja simu," akasema. "Nilikuwa naomba, afande, kama inawezekana, yeye aambiwe gari lilianguka na akafa pale pale. Asijue habari ya siku ile nyingine."

"Itakuwa kwenye maelezo ya mshitakiwa. Itasomwa mahakamani, na watu wataibeba hadi mjini siku hiyo hiyo."

"Hata kama nitaomba?"

"Hata kama utaomba, Mwalimu. Maiti yake ndiyo inayosema alikuwa hai. Siwezi kuinyamazisha."

Asila aliitikia kwa kichwa. Alifuta uso kwa mkono, mkono ukaacha alama nyeupe shavuni.

"Basi nitamwambia mwenyewe, leo, kabla ya mazishi. Asije akaisikia kwa watu barazani."

"Nitakupeleka."

"Utanipeleka mpaka mlangoni tu."

Elieth alikwenda kwenye rundo la mbao, akavuta turubai, mbao nyekundu zikabaki wazi kwenye mvua. Akashuka nalo shimoni. Yeye na Tobias walilikunjua, kila mmoja akashika pembe mbili, wakamfunika Hamoudi kuanzia miguuni.